Sisimizi wa Bafu ya Ploti

Mwaka wa 2003, Kalunde, mama yake Mbaluka, alikuwa mmoja wa wazee watatu waliopangishiwa vyumba na watoto wao katika ploti moja ya Kitengela. Vyumba kumi na viwili, bafu moja. Watatu hao walichemsha chai kwa jiko moja, kila mtu na zamu yake, maana makaa yalikuwa ghali kuliko mbuzi. Na sukari ilipikwa humo humo ndani ya sufuria.

Shida ilikuwa hiyo sufuria. Daktari wa Kajiado alikuwa amemwambia Kalunde ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni hakitapona akiendelea na chai tamu. Akaitikia, akarudi nyumbani, akanywa. Angesema nini? Nelima wa chumba cha pili alipojulikana ni mgonjwa, mwanawe alikuja na pikapu akamrudisha mashambani, akae peke yake na kuku. Kalunde hakuwa hata na kuku.

Kisha sisimizi wakaingia bafuni. Walikuja kwa foleni kama ng'ombe wa mnada, wengine wamebeba watoto mgongoni, wakajipanga pale mkojo ulipopita.

"Kuna mtu hapa ako na sukari," alisema Mzee Muteti, mwenzake wa jiko, amejishika kiuno. "Hawa hawafuati mkojo wa bure."

"Wananifuata kwa sababu ya ukoo," Kalunde akamjibu. "Nyanya yangu alikuwa mtamu mpaka nyuki wakaleta posa."

"Mama Mbaluka, wewe na uongo wako!" Resian, mama wa Kimaasai wa chumba cha nne na wa tatu wao kwenye jiko, alicheka bila kuinua macho.

Tangu hapo Kalunde akaihama bafu. Alfajiri alijikokota hadi kichakani nyuma ya ploti, mguu ukimpiga kama ngoma. Siku ya tano akachungulia bafuni. Sisimizi walikuwa palepale, tena wamenona.

Akakaa kwenye jiwe la kufulia. Kumbe kuna mwingine. Angeweza kunyamaza, pikapu imjie huyo. Lakini alikuwa amechoka. Amechoka mguu, amechoka hata ulimi.

Zamu yake ilipofika, alipika chai bila sukari, akaweka mkebe wa sukari kando.

"Hii ni chai ama ni maji ya kuosha ndama?" Muteti akauliza.

"Niko na sukari, mzee. Sisimizi wa kwanza walikuwa wangu. Wa juzi, sijui. Anayetaka tamu ajiwekee."

Muteti akajiwekea vijiko vinne bila aibu. Resian alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka chini. Mkebe hakuugusa.

"Daktari unamwona lini?" akauliza.

"Jumanne."

"Usiniache. Na kijana wangu Lemein asijue."

"Tutamwambia nyuki wametuposa."

Wakacheka kidogo tu, kisha Kalunde akaunyoosha mguu juani.