Kifua Wazi Mbele ya Mkwe

Siku ile nilikuwa nisafiri kurudi Mombasa, na kama wafanyabiashara wenzangu wa Guangzhou, nilivaa sampuli mwilini kwa sababu masanduku yalishajaa kilo za ndege. Fulana juu ya fulana, zote za maduka ya nguo ya Zhanxi, mjini humo. Mke wangu alikuwa amebakisha mwezi mzima ajifungue. Kabla sijaita teksi, uchungu ukamshika, tukaishia hospitali, sisi wawili na mamake aliyekuja kumtunza uzazini.

Ikabidi apasuliwe. Alhamdulillahi, mtoto alitoka akilia, lakini alikuwa mdogo na miguu yake baridi. Mke wangu bado alikuwa akishonwa. Nesi alimleta mtoto tulipongoja, akajigonga kifuani, akavuta kola yake, kisha akaninyooshea kidole. Nilielewa: alale kwenye ngozi yangu, apate joto.

"Mama, mpokee wewe," nilimwambia mkwe wangu.

"Na kikohozi hiki? Nesi amenikataza."

Kisheria kifua cha mwanamume si uchi. Hayo nimeyasomesha madrasa. Lakini mbele ya mkwe sikuwahi kukaa hata bila kofia.

Akageukia ukuta. "Haya, mwanangu. Vua."

Nikavua shati. Nikavua fulana. Nesi akasogea, akaona nyingine, akangoja.

"Tayari?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Mtoto anapata baridi."

"Naendelea kuvua."

"Kwani umevaa duka?"

Nesi akamwita mwenzake aje kutazama. Ya mwisho, iliyogusa ngozi, ilikuwa ya kike, ya waridi, ina lesi kifuani. Niliivaa chini kabisa ili isionekane. Mpaka leo nikiona rangi ile sokoni, uso wangu hupata moto. Niliivua macho chini, nikampokea mwanangu.

Alinyamaza. Vile vinyayo baridi vikanigusa tumboni, na polepole vikapata joto. Nikamwadhinia kwa sauti ndogo, huku manesi wakipokezana ile fulana ya lesi.

Mkwe wangu, bila kugeuka, alivua leso ya mabegani akainyoosha nyuma yake. "Jifunike naye."

Mke wangu aliposukumwa ndani akiwa kitandani, alimkuta mumewe amejitanda leso ya mamake, na mamake anazungumza na ukuta. Akacheka kidogo kidogo, akiogopa mshono.

"Mama, geuka umwone mjukuu wako."

"Akivaa."

Sikuweza kuvaa. Mtoto alikuwa amelala.