Asali Nyepesi

Darasa la fizikia lilikuwa na madirisha makubwa upande wa mashariki. Asubuhi jua liliingia likalala juu ya meza ndefu, juu ya mizani, juu ya picha ya Mfalme ukutani. Mengi ya shule ile ya bweni pale Tabora nimeyasahau, lakini mwanga ule ninao bado. Nikifumba macho naona vumbi likielea ndani yake, nasi tumeinamia silinda ya kioo, tunatumbukiza kokoto, misumari, kufuli bovu, na shanga za buluu ambazo mvua ilizifukua kwenye njia ya zamani ya misafara nyuma ya bweni. Maji yalipanda, tukaandika yamepanda kiasi gani. Shanga moja haikuyapandisha hata kidogo, ikabidi tutumbukize ishirini. Nami nilikuwa nikiwaza nani alizibeba begani kutoka pwani, mpaka mwalimu aniguse kisogoni kwa rula.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa pwani. Sheria ya shule ilikuwa kusema Kiingereza, lakini akitaka kututega aliuliza kwa Kiswahili.

“Haya, wazee. Samli na maji, kipi kizito?”

Tukajibu kwa sauti moja: samli! Uji ukishika mwiko ni mzito, ukiwa majimaji ni mwepesi. Samli ingekuwaje nyepesi? Akamimina samli ya moto juu ya maji, ikaelea kwa raha zake. Alicheka mpaka akavua miwani. Lugha yetu wenyewe ilikuwa imetuchezea shere.

Muhula ulipokaribia kwisha akatuambia kila mmoja arudi na kitu cha majimaji kutoka kwao. Mimi sikuhitaji kufikiri. Baba yangu alikuwa mrina asali, na hata sokoni mjini watu waliulizia asali yake. Likizo nzima nilimganda. Msimu ulikuwa bado, asali ya mwaka uliopita ilikwisha kuuzwa yote, mizinga ilikuwa juu ya miti, naye kila nilipouliza alinijibu, “Tutaona.” Siku ya kuondoka alinikabidhi kibuyu kilichozibwa kwa majani. Nilikibeba nusu siku nzima kwa miguu, nikikihamisha bega hadi bega, na nilijiona mkubwa.

Tulipimia kichupa kidogo chenye kizibo cha kioo kilichotobolewa katikati. Unajaza, unafunga, kinachozidi kinatokea tunduni, unakifuta, unapima. Maji hutoka mara moja. Asali huchukua muda wake. Darasa zima lilinyamaza likingoja tone la dhahabu lichungulie, nyuki mmoja akaingia dirishani kuja kutazama, na nadhani sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika zile.

Kisha mwenzetu mmoja wa Urambo akapima asali ya babu yake, ya msimu uliopita, kwa kichupa kilekile. Upande wake wa mizani ulihitaji mawe zaidi. Mwalimu akarudia kupima zote mbili, maana alikuwa mtu wa haki.

“Hii yako nyepesi,” akaniambia. “Ina maji mengi.”

“Baba yake kapitia mtoni!” mtu akasema nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, ili nisionekane mwana wa mtu yule. Mpaka muhula unaisha waliniita Mtoni, nami nikawa naitika.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Nilimkuta baba uani amekaa juu ya gogo, anakwangua gome la mzinga mpya. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijatua mzigo nikamuuliza kwa nini alitia maji kwenye asali.

Hakukasirika. Aliweka kisu chini.

“Nyuki wakimaliza kazi huifunika asali kwa nta,” akasema. “Kabla hawajaifunika, maji yake mwenyewe bado hayajakauka. Mrina hafungui mzinga wakati huo. Mimi nilikuwa sijawahi kuufungua. Lakini ulisema mwalimu anaitaka shule ikifunguliwa.”

Nilishindwa kumtazama. Nilitazama mikono yake, imetapakaa utomvu wa gome.

“Walisema nimetia maji?” akauliza.

“Walisema, baba.”

“Wakacheka?”

“Wakacheka.”

Alipangusa mikono kwenye gogo.

“Na wewe ulicheka, mwanangu?”

“Hapana, baba.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaokota kisu chake, akaendelea kukwangua. Aliniamini.