Kabla Kitovu Hakijadondoka

Kama umewahi kusimama kwenye soko letu dogo hapa Bulyanhulu, ukambonyeza sato kwa kidole ili ujue kama ni wa leo, ukaambiwa, "Wewe, huyo siyo mchumba wako, unamtomasa wa nini?", basi Bernadina umeshakutana naye. Meza yangu ya nyanya na vitunguu imepakana na yake miaka mingi sasa, na sikio langu la upande ule nimeshalisamehe.

Sokoni tunamwita Mama Thobias, kwa jina la mwanawe anayechimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Mimi ni Mama Klara. Yeye ni Mzinza wa kule ziwani, mimi Msukuma wa Shinyanga, kwa hiyo ananiambia kila siku kwamba samaki kwetu tunawajua kwa kusimuliwa. Mimi humjibu kwamba wao ng'ombe wanawaona kwenye noti. Tunaishi vizuri.

Samaki wake anawaweka kwenye deli, boksi lile la buluu la kutunzia barafu. Deli hilo halikaliwi na mtu. Mwenyekiti wa soko aliwahi kulikalia akisubiri chenji, aliondoka bila chenji na bila heshima.

Lakini usimwone hivyo. Baada ya Thobias, Bernadina alizaa wengine wanne. Wote walizaliwa wakilia vizuri, kisha macho yakageuka manjano, mwili ukafuata, na wote waliondoka kabla kitovu hakijadondoka. Mume akaenda kuoa kwingine. Na watu, ambao midomo yao haina kufuli, wakasema mwanamke huyu anakula wanawe. Walisema wakiwa wameshika samaki wake mkononi, wanakwenda kumpikia mume supu! Nikikumbuka hilo nasikia hasira mpaka kwenye kisigino.

Sasa huku kwetu chumba cha mzazi kina sheria zake. Mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, mama hatoki nje, na siyo kila mtu anaingia ndani. Mwanamke aliyezika watoto wachanga haingii kabisa, mtoto huyu asije akawafuata wale aliowazika. Bernadina hakuwahi kubishana na sheria hiyo. Nilipojifungua kitinda mimba wangu alikuja na bakuli la supu ya sato, akasimama mlangoni. Nikampigia kelele kutoka kitandani, "Ingia, mwanamke, supu inapoa!"

"Kitovu kimeshadondoka?" akauliza.

"Bado."

Akaiweka supu kizingitini, akarudi sokoni. Aliyekuwa na mdomo wa kugombana na mwenyekiti hakuwa na mdomo wa kugombana na kizingiti.

Miaka mingi baadaye wakaja watafiti. Waliweka turubai karibu na zahanati, wakatangaza kwamba wanataka wanawake waliovuka arobaini, wapimwe kisukari, wapimwe mishipa ya damu kama imezeeka, waulizwe na uzazi wao wote ulivyokwenda. Maduarani maneno yakazagaa kwamba damu hiyo inakwenda kumwagwa shimoni ili dhahabu ipande juu. Wanawake wakaogopa. Bernadina akafuta mikono kwenye kanga.

"Kama damu yangu inapandisha dhahabu," akasema, "miaka yote hii nimekaa na samaki wa nini? Twende, Mama Klara."

Tukaenda. Mashine ya mishipa ilinifunga mkono na mguu, ikakoroma, ikatoa jibu kwamba mishipa yangu ni ya bibi wa miaka sabini. Mimi nina hamsini na mbili! Nikamwambia anayeiendesha airudie. Akairudia, ikasema sabini. Mashine haina adabu. Ya Bernadina, mwenzangu wa rika langu, ikasema arobaini na kidogo. Wiki nzima alinisalimia, "Shikamoo, bibi," na wateja wakacheka.

Kicheko kiliisha siku ya majibu ya damu. Mkuu wa watafiti alikuwa mama mmoja mpole, Dokta Rhoda. Aliisoma karatasi, akamwangalia Bernadina, akaisoma tena.

"Mama Thobias, damu yako ni grupu O hasi. Kuna kitu kidogo kwenye damu za watu karibu wote hapa, wewe huna. Thobias alikirithi kwa baba yake. Siku unamzaa, damu yake kidogo iliingia kwako, na mwili wako ukaona mgeni."

"Thobias mgeni?"

"Kwa damu yako, ndiyo. Fikiria walinzi wa mgodini. Anayeruka ukuta mara ya kwanza anapita, hawajamjua. Lakini sura imeshaonekana. Wanaokuja nyuma yake na sura ile ile wanakamatwa. Watoto wako wanne walikuwa na sura ya kaka yao."

Bernadina aliichukua karatasi ile, akaigeuza nyuma na mbele. Nikamshika mkono nikidhani anazimia.

"Kwa hiyo mimi sikuwala," akasema.

"Hukuwala, mama."

Aliyelia ni mimi. Nililia kwa sauti mpaka foleni nje ikapungua, watu wakidhani humo ndani wanachinjwa. Yeye alikuja kulia mchana, mezani kwake, akiparua magamba, na mteja mmoja akamuuliza kama samaki wa leo wana pilipili.

Kesho yake akaanza kumtangazia kila mteja. "Sato hao, sangara hao, muuzaji ni O hasi, siyo mchawi, karibuni!" Wengine walicheka, wengine wakaangalia chini. Waliokuwa na deni la maneno walijijua.

Ila Dokta Rhoda alikuwa amesema na jambo jingine. Ipo sindano. Mama mwenye damu hasi akijifungua, akachomwa ndani ya siku tatu, walinzi hawapati habari kwamba kuna mtu aliruka ukuta, na watoto wanaofuata wanapona. Siku hizo zikipita, mlango umefungwa. Na damu hiyo hutembea kwenye ukoo. Akamuuliza, "Una binti au ndugu anayezaa?"

Alikuwa na Noela, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea yeye mwenyewe. Noela ameolewa Ushetu na mkulima wa tumbaku aitwaye Masele, na wakati ule alikuwa na mimba ya kwanza. Bernadina alimfuata, akamvuta mpaka Kahama kupimwa, yeye na mumewe. Noela akakutwa O hasi. Masele akakutwa na kile kitu. Bernadina akaapa mbele yangu kwamba Noela hatazika hata mmoja kwa sababu ya damu ile.

Mpango ukawa Noela aje kujifungulia Kahama, sindano iko tayari. Mtoto hakuusikia mpango. Masele alipiga simu asubuhi moja, tunapanga meza.

"Mama mkubwa, tumepata mvulana! Uchungu ulimkamata ghafla, akazalia zahanati ya hapa kijijini. Ameshatolewa, mama yangu amemweka ndani."

"Sindano je?"

"Hapa hawana."

"Amezaliwa lini?"

"Juzi alfajiri. Mtandao ulikuwa unasumbua."

Ee, mtume! Bernadina aliwamwaga samaki wote kwenye beseni langu, juu ya nyanya zangu, bila hata kuomba. Akalisugua deli kwa sabuni, akalijaza barafu. "Funga meza, bibi wa mishipa sabini," akasema. Nikafunga.

Tulipofika hospitali ya Kahama, anakofanya kazi, Dokta Rhoda alitukabidhi kiboksi kidogo cha sindano, akageuka kupiga simu zahanati ya kijijini ili muuguzi wa kule atusubiri. Alipogeuka tena akapiga yowe. Bernadina alikuwa amechimba shimo katikati ya barafu na anamalizia kukizika kiboksi, kama anavyofanya na samaki wake.

"Mama! Hiyo siyo sato! Ikiganda imekufa!"

Ikabidi kufukua. Dawa ile inataka ubaridi, ila barafu yenyewe isiiguse. Tukaizungushia taulo, tukaiweka juu. Bernadina alilikumbatia deli. "Ningeiua mwenyewe," akaniambia garini. "Ningeiua kwa mikono hii hii." Nikamwambia anyamaze, asije akairoga kwa maneno. Halafu nikaona nilichosema, tukacheka wote wawili mpaka kondakta akatuuliza tumekunywa nini.

Gari lilipotushusha tulichukua bodaboda ya kijana mmoja, Eustace. Tulipanda mshikaki, deli katikati yetu, kupita mashamba ya tumbaku. Zahanati tukamkuta Salome, muuguzi, ameshajiandaa. Kutoka pale ni mwendo wa mguu tu.

Mama yake Masele alikuwa amesimama mlangoni. Mama mrefu, mstaarabu, mkono mmoja kwenye fremu hii, wa pili kwenye fremu ile.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma chetu.

"Mwadila." Akamgeukia mwenzangu. "Mama Thobias, wewe ni mkwe wangu na nakuheshimu. Lakini kitovu bado."

Mimi nilishaanza kukaza kanga kiunoni. Sikusafiri kwa gari na pikipiki nije kuzuiwa na mkono wa mtu! Jua lenyewe lilikuwa linashuka, na ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya sindano. Nikamwangalia Bernadina, nikasubiri radi.

Alipiga magoti. Akalisukuma deli mpaka kwenye kizingiti.

"Najua kitovu bado," akasema taratibu. "Sikuja kuingia. Hili deli halijazaa wala halijazika. Liache liingie lenyewe, pamoja na muuguzi. Mimi nabaki huku."

Mama Masele aliinama, akanusa. "Linanuka samaki."

"Linanuka riziki, mayu."

Yule mama akashusha mkono mmoja. Salome akapita na deli. Bernadina akanyanyuka, akaenda kukaa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, akaipa nyumba mgongo, hata macho yake yasifike chumbani. Kutoka ndani Noela akalia, "Mama mkubwa, ingia unione!"

"Nyamaza uchomwe!" Hiyo sasa ilikuwa sauti yake, kuku wakatawanyika.

Mtoto naye akashtuka akaanza kulia. Bernadina akainua kichwa. "Analia vizuri?"

"Anapiga kelele kama wewe," nikamjibu.

Salome alitoka, akasema tayari. Tukabeba deli letu, tukaondoka bila Bernadina kumwona mtoto. Njiani nilichemka. "Daktari amekusafisha, kwa nini umekubali kukaa nyuma ya bani kama mwizi wa tumbaku?"

"Daktari alinisafisha mbele yangu na mbele yako. Mama Masele hakuwepo," akasema. "Ningebishana pale, dawa ingechachia mlangoni. Nilileta sindano, Mama Klara. Mguu wangu sikuuleta."

Nikalipokea deli, nikalibeba mimi.

Mvulana yule alikua, akawa mtundu hasa. Lakini mtihani haukuwa yeye. Hata Thobias alipona, kwa kuwa alikuwa wa kwanza. Mtihani ni wa pili, na miaka miwili baadaye Noela akawa na mimba ya pili. Bernadina alikonda. Wateja walitomasa samaki watakavyo, hakusema kitu. Mwenyekiti wa soko mwenyewe alikuja kuniuliza kama mama anaumwa, tumwitie mtu.

Noela akajifungulia Kahama. Alipotolewa, Thobias alimwambia mama yake, "Tukamwone." Akakataa. "Noela yuko kwa mama mkwe wake, kwenye zile siku zake. Nitakwenda zikipita." Lakini usiku hakulala, najua, maana kila asubuhi nikija kufungua meza nilimkuta ameshakaa, anaiangalia simu.

Siku moja ikaita katikati ya wateja. Mikono ilikuwa na magamba, akaniambia niifungulie sauti, nikamshikia mbele ya mdomo. Alikuwa Mama Masele mwenyewe.

"Mama Thobias, habari za huko?"

"Nzuri. Macho yake yakoje?"

"Njoo uyaone."

"Ya manjano?"

"Meupe, mayu. Meupe, na ananyonya kama ndama. Salome amempima jana, na leo amempima tena. Hana kitu."

Bernadina akafumba macho. Nami nikafumba, simu bado mkononi. Mteja mmoja akamchukua sato, akamrudisha taratibu mahali pake.

"Bwana asifiwe," Bernadina akasema. "Nitakuja, nimletee mzazi supu. Kitovu kimeshadondoka?"

"Bado," Mama Masele akasema. "Ndiyo maana nakuita leo."

Simu ikakatika, au mimi niliikata, sikumbuki. Bernadina alisimama pale na kisu chake. Kisha akakaa juu ya deli, lile lile asilomruhusu mtu kulikalia, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Mama Klara," akasema, "niangalizie samaki. Naitwa ndani."