Mtafiti Aliyechimba Mchanga Nasi

Mtafiti huyu wa chuo kikuu huuliza swali kisha hunyamaza, mikono yake ikiendelea na kazi. Waliomtangulia hapa Migwani walituketisha sisi wajane kanisani pamoja na baba wakwe zetu. Kwetu mke hafungui mdomo mbele ya baba mkwe wake, kwa hiyo tulitazama sakafu, nao wakaandika kwamba wajane hawana malalamiko ya ardhi. Eti mimi, niliyefukuzwa shambani na shemeji zangu kabla udongo wa kaburi haujakauka, sina malalamiko! Huyu naye alipoitisha mkutano wake na kuona tumeinamisha vichwa, aliufunga. Kesho yake alitufuata kwenye mto mkavu, akavua viatu, akachimba mchanga nasi tukitafuta maji.

"Dada, unachimba kama kuku," mjane mwenzangu Kanyiva alimwambia. Mtafiti alicheka kwa sauti yake nene, akazidi kuchimba, nasi tukaanza kusema.

Juzi alitupeleka Kitui, kwa wakubwa wanaotunga sera ya mashamba ya wajane. Afisa mmoja akamwambia, "Daktari, hao wanawake walishaulizwa, wakanyamaza."

Akajibu polepole, "Mliwauliza mbele ya baba wakwe zao, mheshimiwa."

Ukumbi ukaguna, maana hakuna Mkamba asiyeelewa jambo hilo. Kisha akanisogezea kipaza sauti, akaenda kuketi kwenye kiti changu, nyuma kabisa. Nilitaja jina langu, nikataja shamba langu na walionifukuza, na sikutazama sakafu.