Picha za Uani

Nyumba yetu ya Nguvumali, Tanga, ilinuka siki. Mgeni akiingia alidhani tunatengeneza achari, akawa anachungulia jikoni kutafuta maembe yaliyoanikwa, kumbe harufu yatoka stoo, kule Mama alikokuwa akisafishia picha. Alichanganya dawa zake kwenye mabeseni, na beseni moja lilikuwa la siki. Basi siki iliingia kwenye kanga, kwenye mito, wallahi hata wali wa nazi ulikuja na siki yake. Shuleni wenzangu waliniita Achari, nami nikaitika, ningefanyaje? Leo nikifungua chupa ya siki nitengeneze kachumbari, hukaa kwanza kwenye kigoda. Sisemi kwamba ni huzuni. Nimechoka tu, na harufu ile hunikumbusha kwamba zamani kazi hii haikuwa inachosha namna hii.

Maana na mimi ni mpiga picha. Harusi, maulidi, mahafali, vitambulisho, watalii wanaotaka kusimama penye magofu ya Tongoni wakiangalia upande mwingine kama hawajui kamera ipo. Mgongo umekwisha. Juzi binti wa kaka yangu, ambaye naye anataka kuingia kwenye kazi hii, aliniuliza: “Shangazi, katika mambo ya picha, kazi nzuri kuliko zote ni ipi? Hoteli? Wanyama? Au harusi za wakubwa?” Nilimwambia aniache nimeze dawa ya mgongo kwanza. Lakini jibu ninalo tangu utotoni. Niliiona kazi hiyo ikifanywa na Mama, na mwezi mmoja wa Shaabani nikaona kidogo tu anyang'anywe.

Baba alikuwa na studio, akafa mapema, Mama akabaki na kamera. Watu walimwambia aiuze. Hakuuza, na haukupita muda wanawake wa Tanga wakagundua faida yake. Harusi zetu zina sehemu ambayo mwanamume hatii mguu. Bibi harusi anapambwa uani, asumini kichwani, hina mpaka magotini, nywele wazi, na akina mama wazima na heshima zao wanacheza wamevua mitandio, wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Wapiga picha wote wa mjini walikuwa wanaume, kwa hiyo mambo hayo yalikuwa hayapigwi picha kabisa. Mama akawa anafunguliwa mlango. Alipiga, akarudi nyumbani, akajifungia stoo na taa yake nyekundu, akasafisha kwa mikono yake mwenyewe, kisha akampelekea bibi harusi bahasha iliyogundishwa. Hakuna jicho la kiume lililopita hapo katikati. Wanawake walijua hivyo, wakajiachia mbele yake kama vile hayupo. Sijaona tena picha za namna ile, na nimeona picha nyingi.

Kisha kila mtu akataka picha za rangi. Hina yangu ionekane nyekundu, dhahabu yangu ionekane dhahabu! Za rangi hazikuwezekana stoo kwetu, zilitaka mashine, na mashine ilikuwa dukani Ngamiani. Mama alikaa na mwenye duka wakakubaliana: mikanda yake itashikwa na mke wa bwana yule tu, na picha zitatiwa kwenye bahasha kabla mtu mwingine hajaziona. Mwenye duka aliapa. Na kwa muda mrefu, tusimwonee, alitimiza.

Shaabani ile harusi zilifuatana, maana kila mtu alikuwa anakimbizana na Ramadhani. Mama alimpiga picha Rukia, binti wa watu wa Tongoni, na mimi nilikuwapo nikila visheti. Siku chache baadaye natoka shule napita Ngamiani, namwona Rukia kwenye kioo cha duka. Mkubwa, kama mlango. Amerudisha kichwa nyuma anacheka, nywele zimemwagika mabegani, asumini zinadondoka. Watu wamesimama wanatazama, na muuza kahawa naye kasimama na birika lake. Jamani, nilivyofurahi! Nilikimbia njia nzima mpaka Nguvumali, nikaingia ninapiga kelele, “Mama, picha yako imetundikwa barabarani! Mji mzima unaiangalia!”

Mama alikuwa anachuja tui. Aliniangalia, akauliza picha gani. Nilipomwambia, aliacha chujio likaelea ndani ya tui, akatoka vilevile na kanga za jikoni. Nilimkuta dukani amekwisha kuing'oa, ameikunja kifuani. Mwenye duka, masikini, alikuwa hajaelewa. Alidhani amemfanyia wema. “Nimekutangaza, dada! Picha nzuri namna hii unataka nifiche?” Mama alimjibu kwa sauti ndogo kabisa, “Ingekuwa mbaya ningekuachia.” Hakumtukana. Ningekuwa mimi ningemtukana mpaka wa kwao.

Tulikwenda Tongoni siku hiyohiyo, kwa sababu Mama alitaka wasikie kwake kabla hawajasikia kwa watu. Tulichelewa, habari ilitutangulia. Aliyetupokea alikuwa Bi Time, somo wa Rukia, yule mama mtu mzima aliyemfunda na kumsimamia harusi yake. Mama alisema shikamoo, ikaitikiwa kwa shida. Alieleza yote, na hakumtaja mwenye duka hata mara moja. Alisema, “Nilikabidhiwa mimi.” Bi Time akamwambia, “Umetuvua nguo, mwanangu. Mume wa mtoto hasemi naye. Nani atakufungulia mlango tena?” Rukia mwenyewe alitokeza mlangoni, macho yamevimba. Aliomba aione ile picha. Aliikunjua, akaitazama kwa muda, akaikunja tena taratibu, akaingia nayo ndani. Njiani kurudi nilimuuliza Mama kama Rukia amekasirika. Alinifunga mtandio vizuri, tukaendelea.

Basi ikawa kimya. Harusi zilifanyika Nguvumali penyewe, vigelegele tunavisikia kitandani, na Mama hakuitwa. Waliokuwa wameshamwalika walituma watoto kusema shughuli imeahirishwa, na tulijua haijaahirishwa. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Mama alishona vitambaa vya mito, akachoma maandazi, akawa anapangusa kamera kila Ijumaa na kuirudisha kwenye mkoba. Nilimwona amezeeka mbele ya macho yangu. Nilimchukia kila mwanamke wa mji ule, nasema kweli, na wengine sijawasamehe mpaka leo.

Aliyekuja kubisha hodi ni Bi Time. Mdogo wake Rukia anaolewa, na mtoto amekataa kupambwa kama Mama hatakuwapo. Rukia amemtia maneno hayo, akasema Bi Time, na midomo ameibetua. Lakini kulikuwa na sharti. Picha ziwe nyeusi na nyeupe, zisafishwe hapahapa, na yeye Bi Time akae stoo mpaka ya mwisho ikauke. Mimi nilikasirika. Mama mzima alindwe kama mwizi ndani ya nyumba yake! Mama akasema, “Karibu, Bi Time. Nitakuwekea mto.”

Na kweli alikaa. Bibi yule na uzito wake, kwenye kigoda, gizani, siki inamchoma macho, anakohoa na kulaani, huku Mama akimwonyesha sura za watu zinavyotokeza kwenye karatasi. Alikuja harusi hiyo, na iliyofuata, na nyingine, akiwa mlinzi wa wanawake wote wa upande ule. Akaanza kusinzia. Akaanza kuleta mseto wake na mchicha. Kisha baada ya harusi moja ya pale mtaani, Mama amekwisha weka mto, Bi Time akasimama kizingitini akavaa viatu. “Leo osha peke yako,” akasema. “Mimi nakwenda kulala.” Mama alifunga mlango wa stoo, nikamsikia analia humo ndani kwa sauti, na picha zilichelewa kutoka.

Mwezi uliopita nilipiga harusi ya uani, wanawake watupu, na kila mmoja ameshika simu. Bibi harusi alikuwa akijirusha moja kwa moja mtandaoni, nywele wazi, anawasalimia watu wa Muskati. Nilimuuliza, kwa mazoea, ni nani asizione picha zangu. Akacheka: “Aunti, nimewaita wote!” Sikumlaumu, dunia ni yake. Ila tulipobaki wawili chumbani alilia ghafla, sababu haikunihusu, na kidole changu kilikuwa kimekwisha kubonyeza. Aliniomba niifute. Niliifuta palepale mbele yake, nikamwambia, “Nimeifuta, mwanangu. Haipo.” Alinitazama, wanja umemchuruzika, mtoto wa watu aliyejionyesha kwa dunia nzima.

“Nitajuaje, aunti?” akasema.

Nimefanya kazi hii miaka yangu yote. Nikamwekea mto akae, nikampa kamera aipekue mwenyewe.