printf, mama yangu, na mzee aliyeitwa Elmi Dheer

Wakuu, salaam aleikum.

Mimi ni yule msomaji wa kimya, sijawahi kuanzisha uzi humu. Leo naanzisha, na haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wanaojua code watanicheka. Chekeni tu, kulia nimeshalia vya kutosha.

Mimi ni mwanamke, naishi Garissa, kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya elektroniki. Mama yangu, Halima, yuko Tarbaj. Ana kisukari, anajidunga insulini kila siku. Joto la Tarbaj si la mchezo, kwa hiyo dawa yake inakaa kwenye friji ndogo ya sola.

Friji hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima raha. Ikizima, dawa inaharibika kwa joto. Ikizidisha baridi, dawa inaganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupa.

Nikamtengenezea kifaa. Microcontroller ya bei rahisi, kihisi joto, na kaskrini kadogo kanakoonyesha namba mbili: dakika tangu kifaa kiwashwe, ili nijue kama umeme ulikatika, halafu joto la ndani ya friji.

Nikampa maagizo kwa simu. "Hooyo, ukiona joto ni tano au sita, hakuna shida. Likishuka chini ya mbili, toa dawa nje haraka isigande."

"Sawa, hooyo. Chini ya mbili, natoa."

Hooyo ni mama kwa Kisomali, ila kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo. Msichanganyikiwe tukiitana hivyo. Mimi naye tunaongea Kisomali, hapa nawatafsiria.

Sasa kosa langu.

Asubuhi ya kutuma kifaa nikakumbuka kwamba dakika nimeziweka kwenye int, aina ya namba yenye nafasi ndogo. Kwenye chip ile int ni baiti mbili, na dakika zingejaa baada ya wiki tatu hivi. Nikabadilisha ziwe long, baiti nne. Neno moja tu. Nikacompile, yaani nikaitafsiri code kwa lugha ya chip, ikakubali bila hata warning moja, nikafunga boksi, gari la Wajir likaondoka nalo. Sikujaribu tena. Siku hiyo nilijiona fundi kweli kweli.

Siku ya tano tangu kifaa kifike, jirani yake Abshiro akanipigia. Mama amelegea, anakunywa maji hayamtoshi, wanampeleka hospitali Wajir.

Nilifika kesho yake mchana. Alikuwa ameshawekewa drip na kudungwa insulini mpya, na sukari ilikuwa imeanza kushuka. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Aliponiona akatabasamu.

"Hooyo, mashine yako inafanya kazi," akasema.

Wakuu, aliyasema hayo kwa fahari.

"Ilionyesha sifuri siku ile ile ilipofika. Nikatoa dawa haraka, kama ulivyoniambia. Kila nikiangalia, sifuri. Nikaiacha nje."

"Nje wapi?"

"Juu ya kabati."

Juu ya kabati, nyumba ya bati, Tarbaj. Siku zote hizo alikuwa anajidunga dawa iliyochemka.

Nikamuuliza kama chupa ilikuwa na barafu alipoitoa. Akafungua kiganja chake. "Haikuwa nayo. Mkono wangu uliniambia ni baridi ya kawaida tu. Lakini mashine ni ya mtoto wangu."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nasema bila aibu.

Niliporudi, karani alikuwa kando ya kitanda anajaza fomu. Dada mpole, mgeni wa huku, ametoka Down Kenya, yaani huko kusini. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: jina lako, la baba, la babu.

"Majina kamili, mama?"

"Halima Elmi Dheer Nur."

Akaandika Halima, akaandika Elmi, akaandika Dheer. Nafasi zikaisha. Akasoma kwa sauti ahakikishe: "Baba ni Elmi, babu ni Dheer."

Mama, ambaye dakika ile hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, akajiinua kwa kiwiko, akamjibu kwa Kiswahili chake cha Tarbaj.

"Dheer si mtu! Dheer ni refu! Baba yangu alikuwa refu, watu naita yeye Elmi Dheer. Hiyo ni mtu moja! Babu ni Nur. Nur umeacha nje, wallahi. Andika fizuri!"

Karani akacheka. "Pole mama, sikujua."

"Bole yako nimekubali. Sasa Nur rudisha ndani."

Nilikuwa nimesikia ugonjwa wa code yangu ukisomwa na mama yangu mwenyewe.

Kwa wasiojua: printf na ndugu zake, function za kuandika maneno na namba, hupokea idadi yoyote ya vitu, lakini hazijui zimepewa nini. Zinaamini tu alama ulizoandika. Mimi nilikuwa nimeandika function yangu, nikaiita andika, inayochukua va_list, yaani mzigo wa vitu vyote, na kuupitisha kwa vsnprintf, mmoja wa ndugu hao. Alama zilikuwa %d mbili, na kwenye chip ile kila %d inasoma baiti mbili.

Dakika zangu sasa zilikuwa na baiti nne. %d ya kwanza ikasoma nusu yake na kuonyesha dakika sahihi kabisa. %d ya pili, ile ya joto, ikasoma nusu iliyobaki, ambayo ilikuwa sifuri tupu. Joto lenyewe lilibaki nyuma na hakuna aliyelisoma. Friji haikuwa na kosa lolote.

Dheer alikuwa amekaa kwenye kiti cha Nur.

Tiba ya kosa hilo ilikuwa herufi moja: %ld kwa zile dakika. Na kama mmeandika function yenu kama mimi, compiler haiikagui kama inavyoikagua printf. Iwekeeni attribute ya format ili alama zikaguliwe, muwashe na -Wall inayotoa maonyo. Niliporudia code ya zamani hivyo, warning ilitokea papo hapo. Ingetokea mapema, mama asingelala kwenye kile kitanda.

Nikamwambia ukweli. "Hooyo, mashine ilikudanganya. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Nilimwacha Nur nje."

Akacheka mpaka mpira wa drip ukatikisika. Kisha akanishika mkono. "Basi haikudanganya. Ni karani mgeni tu."

Sasa yuko nyumbani, alhamdulillah, na maagizo nimeyabadilisha: shika chupa kwanza, skrini baadaye. Kila asubuhi ananipigia kabla sijafungua duka.

"Mkono unasema baridi," ananiambia. "Mashine inasema tano. Nur yuko ndani."

Ndipo nafungua duka.

Wakuu wa code, nikosoeni kwenye ya kitaalamu, napokea yote. Na kama nawe uliwahi kumtengenezea mzazi wako kitu kwa mapenzi kikamuumiza, andika hapa chini ulimwambiaje. Mimi ndiye wa mwisho wa kukucheka.