Kibodi Moja, Makarani Wawili

Kwa jina la Mola aliyekipa kidole viungo vyake na moyo siri zake, tunaanza. Rehema zimfikie Mtume wake, na heri imfikie kila atafutaye riziki ya halali akiwa safarini.

Saa moja asubuhi. Gari la baraza la ardhi linapanda mlima kwa gia nzito. Nyuma ya kiti cha dereva, mwanamke wa makamo amelaza kibao mapajani, na juu yake ameikunjua kibodi nyembamba kama jalada la kitabu. Kompyuta yake ya kiganjani, isiyozidi upana wa kitanga cha mkono, ameiegemeza kwenye kikombe cha bati. Gari linaingia shimoni. Vidole vyake haviruki herufi.

"Dereva, hilo shimo jana ulilikosa," anasema bila kuinua uso.

"Ndiyo maana leo nimelirudia, Bi Vidole."

Tuwataje abiria kwa mpangilio wao. Mbele, ubavuni mwa dereva, ameketi mwenyekiti, mzee anayezunguka vijijini kusikiliza mashauri ya mipaka ya mashamba. Nyuma ya dereva, Bi Vidole, karani wa baraza kwa miaka mingi, aliyepewa jina hilo kwa kuchapa pasipo kutazama. Na kando yake, dirishani, karani wa pili, aliyeongezwa mashauri yalipozidi, ambaye wenzake humwita Karani Mdogo.

Huyu Karani Mdogo ndiye mke wa mwanamume aliyekuwa mume wa Bi Vidole.

"Ofisi haikujua," anatusimulia Bi Vidole. "Nilipomwona anapanda gari na begi lake, nilidhani amepotea njia. Kumbe amefika."

Baada ya talaka alikuwa amejizoeza kupita mtaa mwingine ili asiione nyumba ile. Sasa nyumba yenyewe ikaja kukaa naye kiti kimoja. Akawa ananusa marashi ya mwenzake, na kila asubuhi anamsikia akimkumbusha mume kwa simu kumeza dawa ya presha.

"Dawa ile mimi ndiye niliyemzoesha," anasema, akibana midomo.

Akaandika ombi la kuhamishiwa ofisi kuu, penye kompyuta ya mezani na dirisha linalotazama ukuta, akakusudia kumkabidhi mwenyekiti mzunguko utakapokwisha. Kazi hii ya safari, anayoipenda kuliko nyingine yoyote, ingebaki kwa mwenzake.

Kisha Karani Mdogo akaimwagia chai kibodi yake mwenyewe, ikafa. Kuandika ushahidi wa siku nzima kwa kudonoa kioo kile kidogo ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko. Mwenyekiti akaamua kibodi ya Bi Vidole itumike kwa zamu: asubuhi yeye, alasiri mwenzake. Kibodi hiyo haina waya, nayo hukumbuka mashine mbili. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, maneno huenda kwenye mashine ya Bi Vidole. Ukibonyeza cha pili, huenda kwa Karani Mdogo.

"Mume nilimwachia mzima mzima," Bi Vidole alimnong'oneza dereva siku hiyo. "Sasa hata herufi tugawane."

"Shukuru hajaomba na vidole," dereva akamjibu.

Hapa msomaji yampasa aijue tabia yake moja. Bi Vidole anaogopa kusengenya, kwa kuwa makemeo yake ameyasikia tangu madrasa. Kwa hiyo kila jioni, akishasali magharibi, huyaandika yaliyomjaa rohoni, macho ameyafumba na mashine ameilaza kifudifudi. Kisha huyafuta pasipo kuyasoma.

Jioni ile, katika nyumba ya wageni, aliketi kitandani akaandika. Kwamba mwanamke yule amechukua mume, amechukua kiti cha dirishani, na sasa kibodi inamrudia ikinukia marashi. Kwamba anamwonea kijicho hata anapokunywa maji. Kwamba huenda mume yule anacheka naye mezani, ilhali Bi Vidole hakuwahi kuchekewa.

Alikuwa amesahau kubonyeza kitufe cha kwanza.

Chumba cha pili, Karani Mdogo alikuwa amefungua ushahidi wa alasiri. Chini ya maneno ya shahidi wa mwisho, akaona mistari inajiandika yenyewe.

Mlango wa Bi Vidole ukagongwa. "Hodi, dada. Maneno yako yamekuja kwangu."

Bi Vidole akaigeuza mashine yake. Ilikuwa tupu.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka. "Nilikuwa nakimbia kumsengenya, kumbe nimempelekea mwenyewe mlangoni."

"Umesoma yote?" alimuuliza.

"Yote. Ila pale pa kucheka umekosea." Karani Mdogo akaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. "Mezani kwangu hacheki. Anakula huku akisimulia ulivyokuwa ukichapa bila kutazama. Kazi hii niliiomba makusudi, dada. Nilitaka nikuone una nini."

"Na umeona nini?"

"Unachapa bila kutazama."

Bi Vidole hakujua acheke au amtoe nje.

"Kila dereva akikuita jina lile, namsikia mume wangu," mwenzake akaendelea. "Wivu unanitafuna tangu siku niliyopanda lile gari."

"Basi tulikuwa wawili. Futa hayo maneno, Mzee asije akayasoma barazani."

"Nimeshafuta. Lakini marashi sibadilishi."

Hawakukumbatiana. Kesho yake walivutana tena kwa ajili ya dirisha. Lakini mzunguko ulipokwisha, mwenyekiti alipouliza kama kuna karani mwenye ombi, Bi Vidole hakulitoa lake.

"Nikienda ofisini nitabaki namwona kichwani, anacheka," anaeleza. "Hapa namwona alivyo."

Gari limefika kileleni. Bi Vidole anakihamisha kibao hadi mapajani mwa Karani Mdogo na kubonyeza kitufe cha pili, safari hii kwa kusudi.

"Fumba macho, bibie. Usichungulie."

Mipango yake ni miwili. Wa kwanza ni kuidai ofisi kibodi ya pili. Wa pili anausema kwa sauti ya chini, akiwa amemkazia macho mwenzake anayepapasa herufi. "Namfundisha hadi aweze kama mimi. Akirudi nyumbani, yule bwana akose la kusimulia mezani."

Mola awasitiri hawa wawili njiani, amlainishie moyo kila mwenye kijicho, na awape utulivu waliobaki majumbani wakingoja gari lirudi. Amina.